Sarafu Chini ya Kitanga

Jina lake halisi lipo kwenye kitambulisho, na huko ndiko lilikobaki. Sokoni wanamwita Bi Gramu, kwa kuwa kazi yake ni kutengeneza mizani na kwa kuwa hana masihara na gramu. Ukimwambia mizani yako imekosea kidogo tu, atakuuliza kidogo hicho kina uzito gani. Mumewe, dereva wa lori aliyestaafu, hupenda kuwaambia wageni kwamba ameishi naye miaka thelathini na minne na hajawahi kuweza kumdanganya hata kwenye kijiko cha sukari.

Karakana yake ni chumba kimoja nyuma ya safu ya maduka ya vifaa vya ujenzi. Kina mlango wa bati, dirisha pana linalotazama maegesho ya mikokoteni, na meza ndefu iliyojaa mizani za kila aina: za kuning'iniza, za kusimama, za kupimia magunia, na siku hizi zile za betri, ambazo huzitengeneza amekunja uso. Anasema hizo hazina mazungumzo, zinatoa namba tu na kunyamaza. Ukutani kuna leseni yake na cheti cha idara ya vipimo kinachompa haki ya kugonga mhuri kwenye mizani iliyo sawa. Na pembeni, mahali ambapo mtu mwingine angeweka kochi la wageni, kuna kabati la droo ndogondogo alilolinunua kwenye mnada wa duka la dawa lililofilisika. Humo ndimo zinamokaa sarafu zake.

Nikisema anakusanya sarafu, usifikirie zile albamu za mahameli. Sarafu za Bi Gramu ni chafu, na zote zimetoka mahali pamoja, yaani chini ya vitanga vya mizani za zamani. Vitanga ni vile visahani viwili vinavyoning'inia, kimoja cha mawe ya kupimia, kingine cha bidhaa. Zamani mizani ikianza kuegemea upande mmoja, mwenye duka hakuhangaika kutafuta fundi. Alichukua sarafu iliyokwisha kufutwa, ambayo haikununua tena hata kiberiti, akaibandika kwa lami chini ya kitanga kilicho chepesi, mambo yakakaa sawa. Wengine walibandika kwa nia nyingine. Waliiweka chini ya kitanga cha bidhaa, kitanga kikawahi kushuka kabla mteja hajapata haki yake. Sokoni kila mtu anaujua mchezo huo wa pili, na ule wa kwanza hakuna anayeuamini. Ukikutwa na sarafu chini ya kitanga asubuhi, kufika mchana umeshaitwa mwizi mpaka na watu wasiokujua.

Bi Gramu alizipenda sarafu hizo tangu alipokuwa mwanagenzi. Alisema zimestaafu, zikapata ajira ya pili mahali pasipoonekana, na wala hazikulalamika. Kwa kila moja alikuwa na utaratibu ambao hakuuvunja. Mizani ikifika aliipima kwanza kama ilivyo, kabla ya kugusa chochote. Kisha aliandika kwenye bahasha ndogo jina la duka, tarehe, sarafu ilikuwa upande wa mawe au wa bidhaa, na mizani inaegemea kwa gramu ngapi ikiwa nayo. Hapo ndipo aliibandua, akaitia kwenye bahasha na uchafu wake wote, bahasha ikaingia kwenye droo. Mumewe alizihesabu siku moja akakuta mia moja themanini na sita, akamwambia watu wengine wake zao hukusanya vikombe, na vikombe angalau mtu hunywea chai.

Jambo la kutozisafisha alifundishwa na Bwana Stempu. Huyu alikuwa karani wa posta, naye amestaafu, mrefu, shati lake limefungwa vifungo mpaka shingoni, na kioo chake cha kukuzia kinakaa mfuko wa kifuani kama kalamu. Yeye ana albamu, tena saba. Sarafu zake zimepangwa kwa nchi na kwa mwaka, kila moja kwenye kijidirisha chake. Alipoziona za Bi Gramu mara ya kwanza alizionea huruma, akasema hizi, fundi, ni mayatima. Lakini alirudi wiki iliyofuata, na tangu hapo kila Alhamisi saa nne asubuhi yupo kwenye stuli karibu na dirisha. Alimpa sharti moja tu, kwamba asiioshe sarafu, asiisugue, wala asiipake chochote, kwa sababu ukiiosha umeifuta kumbukumbu.

Basi wawili hawa hubishana kila wiki kuhusu raha ya jambo lenyewe. Bwana Stempu anasema yeye hajawahi kupanda ndege, lakini jioni akifungua albamu anakaa na watawala watano mezani na hakuna hata mmoja anayemwamuru kitu. Anasema pia kuna utamu wa kile kijidirisha kilicho wazi, unakitafutia mwenyewe miaka minane, na siku ukimpata unatembea barabarani unacheka peke yako. Bi Gramu hana haja na watawala. Yeye hupenda kujua kitu kimefanya kazi wapi na kwa nani. Mume naye akipita na gazeti lake husema sababu ni moja, wote wawili hawana la kufanya. Wao huendelea kubishana.

Sasa lazima nimtaje shangazi, maana bila yeye Bi Gramu asingekuwepo, au angekuwepo vinginevyo.

Mama yake alifariki yeye akiwa na miaka minne. Baba alikuwa mtu wa safari, leo yupo kesho hayupo, na kesho kutwa ndiyo hakurudi tena. Shangazi, dada wa baba, alikuja na mkoba mmoja, akambeba mtoto ubavuni, akaondoka naye bila kuuliza ukoo ulikuwa umeamua nini. Alikuwa na duka dogo la uchochoroni, la mchele, maharage, unga na sukari, lenye kaunta ya saruji na mizani ya vitanga viwili vya shaba. Kwa duka hilo alimlea binti wa kaka yake pamoja na mwanawe wa kiume, akawasomesha wote wawili, na hakuna aliyewahi kulala na njaa. Binti alipomaliza shule akasema anataka kujifunza kutengeneza mizani, watu walicheka, msichana na vyuma wapi na wapi. Shangazi hakucheka. Alikwenda mjini akarudi na sanduku la vifaa, jipya, akaliweka juu ya kitanda chake, akatoka kwenda kuendelea na kazi.

Lakini kulikuwa na neno moja. Bi Gramu alipokuwa na miaka tisa, mpangaji wa nyumba ya jirani aligombana na shangazi dukani, na alipokuwa anatoka alisema kwa sauti ya kusikika mtaa mzima, "Hiyo mizani yako inajua kula." Mtoto alikuwa nyuma ya kaunta anachambua maharage. Alisubiri shangazi akanushe. Shangazi hakusema kitu. Alichota mchele wa mteja aliyefuata kama kwamba hakuna lililotokea. Maneno ya yule mpangaji yangesahaulika, bali kule kunyamaza kwa shangazi kulimganda mtoto moyoni.

Kisha akawa fundi. Akatengeneza mizani za soko zima, na za masoko ya jirani. Ya shangazi hakuruhusiwa kuigusa. Kila akisema ngoja nikupimie, shangazi, alijibiwa, "Yangu haiumwi, mwanangu. Nenda kwa wanaoumwa," na hapo hapo anaulizwa habari za watoto. Maafisa wa vipimo nao waliishia sokoni, uchochoroni hawakufika. Mwaka wa kwanza alidhani ni utani. Kufika mwaka wa kumi aliacha kuuliza, kwa sababu fundi akikatazwa kugusa mizani huwa anajua ni kwa nini. Alimpenda shangazi yake kuliko anavyoweza kueleza, na katikati ya upendo huo kulikuwa na swali alilokuwa akilikwepa: ule wali uliomkuza ulikuwa wa nani?

Shangazi alifariki miaka saba iliyopita, kwa utulivu, mchana, mikono yake ikiwa mikononi mwa watoto wake wawili. Binamu, yule mwanawe wa kiume, akarithi duka, na mwezi haukuisha akanunua mizani ya betri. Bi Gramu alipoiulizia ile ya zamani aliambiwa iko stoo, imefukiwa na maboksi, siku ikionekana ataletewa. Hakuulizia tena, na ukitaka ukweli, alishukuru kutoletewa.

Ikaletwa Jumatatu moja. Stoo ya binamu ilikuwa imevuja, paa linabadilishwa, kila kitu kimetolewa nje. Binamu aliingia karakanani na gunia begani, akalitua sakafuni, hakukaa wala hakukubali maji ya kunywa. Alisema tu, "Dada, hiyo hapo. Ifanye utakavyo," akaondoka kama mtu aliyeacha motokaa yake katikati ya barabara.

Ndani ya gunia mizani ilikuwa imefumuliwa: mhimili, nguzo, minyororo, na vitanga viwili vya shaba vilivyofanana, vyeusi kwa vumbi na mafuta. Bi Gramu alikigeuza kimoja. Chini yake, ndani ya donge la lami, palikuwa na sarafu.

Hapo angetakiwa kusimama. Angetakiwa kuiunganisha mizani, kuipima, kuangalia alama za upande wa mawe na wa bidhaa, kuandika bahasha. Hivyo ndivyo alivyofanya mara mia moja themanini na sita. Lakini sarafu hiyo ilikuwa na pembe kumi na mbili. Ilikuwa ya toleo lililotumika mwaka mmoja tu likafutwa, toleo ambalo Bwana Stempu mwenyewe alilijua kwa picha tu, na mkono wa mkusanyaji ukamtangulia fundi. Alitia matone machache ya mafuta ya taa pembeni ya lami, akaingiza ncha ya kisu, sarafu ikamdondokea kiganjani. Akafurahi kama mtoto. Kwa furaha hiyo hiyo akavichukua vitanga vyote viwili, akavitumbukiza kwenye karai la maji ya moto na magadi, akavisugua kwa brashi ya waya ndani na nje mpaka vikawaka. Alikuwa anavikausha kwa kitambaa, kimoja huku na kimoja huku, alipoelewa alichokifanya.

Vitanga vilikuwa sawa kabisa. Hakujua tena kipi kilikuwa na lami. Na hata angejua, hakujua kipi kilining'inia upande wa mawe na kipi upande wa bidhaa.

Aliiunganisha mizani. Akaning'iniza vitanga, akaachia. Sindano ya mhimili ikacheza, ikapungua, ikasimama katikati kabisa. Alivibadilishana vitanga, ikasimama pale pale. Mizani ya shangazi ilikuwa nzima. Haikuwa na kasoro ya kurekebishwa na sarafu yoyote. Kwa hiyo sarafu ile iliwekwa kwa makusudi, ama kumpunguzia mteja, ama kumwongezea. Na nani sokoni amewahi kusikia habari ya kumwongezea?

Alikaa chini. Ameharibu kwa mikono yake ushahidi wa pekee, yeye, mtu anayewafokea wanagenzi wake wakigusa kitu kabla ya kupima. Jumanne hakufungua karakana. Mumewe alimwona anazunguka nyumba na fagio ambalo halifagii, akamuuliza kulikoni, akajibiwa ni uchovu. Jumatano alimwambia. Mzee yule, ambaye hukosi mzaha mdomoni mwake, safari hii hakutania. Alisema alimfahamu shangazi miaka ishirini na saba na hajaona mtu mwenye mkono wa kutoa kama ule. Bi Gramu akamwambia mkono hajakataa, anachotaka ni mizani.

Alhamisi saa nne Bwana Stempu aliingia, akatandaza leso kwenye stuli, akakaa. Bi Gramu aliiweka ile sarafu mbele yake. Mzee alipoziona zile pembe kumi na mbili alivua miwani, akaivaa tena. Aliigeuza chini ya kioo chake kwa muda mrefu. Kisha uso wake ukabadilika kidogo.

"Fundi," alisema, "hii haikuchakaa mikononi mwa watu. Sarafu inayozunguka mikononi huisha pande zote mbili. Angalia hapa lami ilipobanduka, herufi zingali kali kama imetoka kiwandani jana. Na upande huu wa pili umepondwa katikati. Kitu kimeugonga, na kimeugonga miaka mingi."

Bi Gramu alikuwa anaiona kaunta ya saruji. Anamwona shangazi anaweka mawe kwanza, kitanga cha mawe kinashuka, kinagota kwenye saruji. Anamwaga bidhaa kidogo kidogo mpaka vitanga vinalingana hewani. Anachukua bidhaa kummiminia mteja, na kitanga cha mawe kinaanguka tena, kinagota mara ya pili. Kila mwenye duka hupima hivyo. Kitanga cha mawe hugonga kaunta mara mbili kwa kila mteja. Cha bidhaa hakigongi, ila kwa bahati mbaya.

Kama ni hivyo, sarafu iliyokaa upande wa mawe lazima ipondeke, na iliyokaa upande wa bidhaa ibaki na uso wake. Ila mawazo ya mtu mwenye kutaka jambo liwe kweli hayaaminiki, na hilo alilijua vizuri. Alihitaji macho yasiyotaka chochote.

Akafungua droo. Akachagua bahasha arobaini za maduka yenye kaunta ngumu, akazitoa sarafu moja moja, akaipa kila sarafu kikaratasi chenye namba sawa na ya bahasha yake, kisha akaficha bahasha mapajani. Akazichanganya sarafu hizo na ile ya shangazi. Akamwomba Bwana Stempu azigawe mafungu mawili, zilizopondwa uso mmoja huku, ambazo hazikupondwa kule. Hakumwambia sababu. Mzee alidhani ni mchezo, akafurahi kuchezeshwa, akaanza kazi na kioo chake, akijisemea peke yake, huyu kapigwa, huyu hajaguswa, huyu maskini kapigwa kweli kweli.

Ile ya pembe kumi na mbili aliipata ya kumi na saba. Hakusita hata kidogo. Aliiweka kwenye fungu la zilizopondwa, akaendelea.

Alipomaliza, Bi Gramu alianza kusoma bahasha za fungu hilo. Mawe. Mawe. Mawe. Mawe. Bidhaa, na moyo ukamruka, mpaka aliposoma mstari wa chini alioandika mwenyewe miaka kumi na moja nyuma, kwamba muuzaji wa duka lile alikuwa akiondoa mawe kabla ya bidhaa. Mawe tena, mawe mpaka mwisho. Akageukia fungu la pili, na huko zote zikawa bidhaa, isipokuwa moja ya upande wa mawe ambayo mwenye duka aliibandika wiki mbili tu kabla ya kuileta mizani. Kati ya arobaini, mbili tu zilikwenda kinyume, na zote mbili zina maelezo yake.

Bwana Stempu aliuliza kama ameshinda. Bi Gramu alikuwa analia. Si kilio cha kwikwi, ni machozi tu yanayoshuka kwenye mashavu ya mtu aliyekaa wima na bahasha mkononi. Alimweleza yote, tangu maharage na yule mpangaji mpaka karai la magadi. Mzee alisikiliza bila kugusa kitu. Mwishoni alisema kwa upole kwamba ameishi miaka sabini na mbili akikusanya sarafu, na hajawahi kuona sarafu moja ikitolewa ushahidi na wenzake arobaini.

"Ungekuwa nayo peke yake, isingekuambia neno," alisema.

"Na ningekuwa nimeiosha, pia," alijibu Bi Gramu. "Asante. Sijui kama unajua ulinipa nini mwaka ule uliponikataza."

Mzee alivua miwani kuifuta, ingawa haikuwa na kitu.

Baada ya mzee kuondoka aliipima ile sarafu kwenye mizani yake ndogo kuliko zote. Ilikuwa na gramu tisa na nusu, mbali na lami iliyokwisha kuoshwa. Kila aliyenunua kwa shangazi, kilo au robo, alirudi nyumbani na gramu zisizopungua tisa na nusu zaidi ya alizozilipia. Yule mpangaji aliyetukana mtaa mzima usikie, naye alizibeba. Na sasa ule ukimya ukapata maana yake. Shangazi angejibu nini? Angesema mizani yangu haili, inatoa? Angeonekana anajisifu, na yeye alikuwa mtu wa kuona haya akishukuriwa hata kwa glasi ya maji. Na kama angemruhusu fundi wake wa nyumbani aipime, fundi mwenye leseni na mhuri, fundi asiyejua kupindisha, sarafu ingebanduliwa siku ile ile, tena kwa mahubiri. Yangu haiumwi. Alisema kweli, haikuwa inaumwa.

Akampigia simu binamu aje. Binamu alikuja akiwa na vumbi la paa kwenye nywele, akasimama mlangoni kama mtu aliyeitwa polisi. Aliiona mizani imesimama mezani, inang'aa, akaangalia pembeni.

"Umeiona," alisema.

Bi Gramu akamuuliza ameona nini. Ndipo binamu akakaa, na maneno yakamtoka kama yaliyokuwa yamefungiwa kabatini. Mwezi ule ule mama alipofariki aliinamisha kitanga ili akifute, akaiona sarafu. Hakuangalia ni kitanga kipi. Mtoto aliyekulia dukani akiona sarafu chini ya kitanga haulizi mara mbili. Aliifumua mizani kabla mteja yeyote hajaingia, akaitia guniani, akaenda kukopa hela ya mizani ya betri. Hakumwambia mkewe. Hakumwambia dada yake, kwa kuwa alijua dada huyu na gramu zake, na hakutaka amchukie marehemu. Jumatatu alipoleta gunia alikuwa amechoka kulificha. Alifikiri pengine fundi ataitupa bila kuangalia.

Alipomaliza kusema, Bi Gramu alivuta stuli karibu, akamwonyesha mafungu mawili, akamweleza mawe na bidhaa, kaunta ya saruji na ule mgoto wake. Binamu ni mtu wa duka, hakuhitaji kuambiwa mara mbili. Alielewa katikati ya maelezo, na alipoelewa aliishika sarafu kwa mikono miwili akauangalia ule uso uliopondwa.

"Alikuwa anawaongezea," alisema.

"Kila mtu. Siku zote."

"Na sisi tukala kilichobaki."

"Tukala, tukashiba, tukasoma. Halali tupu, mdogo wangu."

Binamu aliinamisha kichwa. Nje mikokoteni ilikuwa inarudi kutoka sokoni, watu wanaitana, mtu anagonga tairi. Alikuwa mwanamume wa miaka hamsini na mitatu mwenye vumbi kichwani, na dada yake akaweka mkono begani mwake.

"Unajua, dada," alisema baadaye, "miaka saba hii sijamwombea mama hata siku moja bila kuanza kumwombea msamaha. Kila siku. Naanza na hilo kwanza, ndiyo niendelee."

"Na leo?"

Alifikiri, akafuta uso kwa mkono wa shati. "Leo nitaanza na asante."

"Basi anza sasa," Bi Gramu alimwambia, "na mimi nipo."